Kikunjo

Baba Salha alikaa kibarazani akizungushia karatasi kwenye chupa tupu. Alikunja ncha za chini kuwa kitako, akaichomoa chupa, na kikopo cha karatasi kikasimama chenyewe. Akakijaza udongo, akafukia mbegu ya nyanya, akanyunyizia maji.

Mkewe alipotoka na ndoo, aliliona jicho la binti yao, la pichani, ubavuni mwa kikopo.

"Baba Salha, hizi si zile karatasi za mtoto?"

"Ndizo, zile zilizobaki," alijibu bila kuinua macho. "Zinaliwa na mende tu, Mama Salha. Hivi mche unapandwa na kikopo chake, karatasi inaozea humohumo udongoni."

Mkewe akachuchumaa. Neno lile kubwa la juu alilibandika yeye mwenyewe kwenye kila nguzo ya mji, Salha alipopotea: ANATAFUTWA. Lakini karatasi ilikunjwa katikati ya neno, na kikunjo kimemeza herufi mbili.

"Anafutwa," akasoma.

"Nini?"

"Soma mwenyewe."

Akasoma. Chupa ikamponyoka, ikabingirika hadi uani.

Mama Salha akakiinua kikopo, akajaribu kukifungua kile kikunjo kwa ukucha. Karatasi ilikuwa imelowa, ikachanika palepale, udongo ukaanza kuvuja. Akauzuia kwa kiganja. Mumewe naye akaleta kiganja chake, akakikinga chini ya cha mkewe, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kutoa mkono.