Tangazo Lisilo na Pumzi

Wiki ya tisa ya mgomo wa waigizaji wa sauti, tangazo la chama chao liliposikika kwenye spika ya uani, Mama Kasuku alifumba macho. Jina hilo alilipata kwa kumpa sauti kasuku wa katuni miaka ishirini.

"Sauti zetu ni jasho letu," lilisema tangazo. "Hatukubali mashine itusemee."

Waigizaji wenzake walipiga makofi. Wao walisikiliza maneno. Yeye alikuwa anasubiri pumzi. Msomaji yeyote lazima avute hewa mahali fulani, hata awe fundi wa kuificha. Sentensi ya nne ikapita, ya tano, ya sita. Hakuna.

Akaingia ofisini kwa katibu wa chama.

"Nani alisoma lile tangazo?"

Katibu akapekua makaratasi yasiyohitaji kupekuliwa. "Tulikuwa na haraka, dada. Na nyinyi wote mmegoma. Ningempata nani?"

"Mimi. Nipo hapo uani tangu siku ya kwanza."

"Basi yaishe humu humu. Wenye studio wakijua tumetumia mashine, tumekwisha."

Maikrofoni ya matangazo ilikuwa mezani, kati yao. Mama Kasuku akaiwasha, akaileta mdomoni, akavuta pumzi.

Huko uani kila kichwa kikageukia spika.