Daktari wa Presha

Chui alipozeeka na kushindwa kukimbiza mawindo, alijitangaza kuwa daktari wa presha. Alipima kwa kuweka kiganja shingoni. Ambaye moyo wake ulidunda taratibu alirudi nyumbani; ambaye moyo wake ulikwenda mbio alilazwa chumba cha nyuma.

Digidigi, mwoga kupita wanyama wote, alikwenda kwa sababu alikuwa akipata kizunguzungu kila akiinuka. Alipohisi kucha zikigusa manyoya ya shingo, moyo ukamdunda hadi masikioni.

"Presha iko juu sana, mama," Chui akasema kwa upole. "Itabidi nikulaze."

"Nikitulia kidogo itashuka, daktari."

"Tulia tu. Sina haraka."

Lakini kiganja hakukiondoa, na moyo ukazidi kwenda mbio. Digidigi akatega sikio kuelekea chumba cha nyuma. Kulikuwa kimya.

"Mbona wagonjwa wako hawakohoi?"

"Wote wameshapona."

Hapo Digidigi akahisi jambo jingine. Ndani ya kile kiganja mlikuwa na mapigo, nayo yalikwenda mbio kama yake.

"Hata wewe presha imepanda, daktari."

"Yangu si ugonjwa," Chui akajibu bila kufikiri. "Hupanda hivi kila ninapokaribia kula."

Damu yote iliyokuwa ikigonga masikioni mwa Digidigi ikakimbilia miguuni. Akachomoka chini ya kiganja, akapita mlangoni, na mzee hakumpata.

Chini ya kichaka chake moyo ulitulia wenyewe, pigo baada ya pigo. Mwili ulikuwa umejua kabla yake ni nani aliyemshika shingo.