Mkono Nyuma ya Injini

Bomba la plastiki la kupitishia maji ya injini lilimvunjikia mkwe wa mkunga mstaafu mkononi kama biskuti, na kipande kikabaki kimenasa tunduni, nyuma ya injini, mahali jicho lisipofika. Kikitumbukia ndani, injini nzima ya gari lile la kifahari ingebidi ishushwe.

"Mkono wangu haupiti, Mama," mkwe alisema, ameloa jasho chapachapa. "Nimejimaliza mwenyewe."

Mkunga akavua bangili, akakunja mkono wa gauni, akajipaka sabuni mpaka kiwikoni.

"Mama, utachafuka bure!"

"Wanao watatu niliwapokea mimi, na hakuna aliyekuja msafi. Hebu sogea."

Akaingiza mkono taratibu, akafumba macho. Vidole vikapita kwenye nyaya, vikapita kwenye chuma baridi, vikagusa ukingo uliochongoka. Kipande kikacheza. Akapenyeza kidole cha shahada hadi upande wa ndani, akakikunja kama ndoana, akavuta pole pole.

Mkwe akaanza kulizunguka gari, mikono kichwani, kama alivyofanya mara zote tatu nje ya chumba cha uzazi.

"Mama, vipi? Mama?"

"Tulia, baba," alisema mkunga, macho bado kayafumba. "Lete kitambaa. Kinakuja."