Wanja wa Mama Harusi

Siku ya harusi ya bintiye, Shemsa alikaa mkekani, uso kauelekeza juu, akisubiri wifi yake Kibibi ampake wanja. Kope zake zilizokuwa zimelegea sasa zilikuwa zimevutwa juu, kama mwenyewe alivyotaka.

"Wifi, aliyekupasua ni daktari wa macho?" Kibibi aliuliza, huku akichovya kijiti.

"Wa urembo. Wa macho nilimwendea kwanza, nikakuta benchi zima vikongwe wenye mtoto wa jicho. Nikaona hapa si pangu. Kwa huyu wa urembo marumaru inang'aa, na wanawake wanaosubiri wazuri watupu!"

"Nao walikwenda kutengenezwa macho?"

Shemsa alishusha sauti. "Matumbo. Na makalio."

Nje vigelegele vilipaa. Bwana harusi alikuwa amefika. Kibibi akamshika wifi yake kidevu, akasogeza kijiti.

"Haya, fumba macho."

"Nimefumba."

Kijiti kilibaki hewani.

"Mbona hupaki, wifi?"

Chini ya kila kope, utepe mweupe wa jicho ulikuwa wazi, mkavu, ukimtazama Kibibi bila kupepesa.