Waya wa Koili

Kwa sheria, mkuu wa kaya akiiita pikipiki ya kisasa, inageuza njia yenyewe na kumrudisha mpandaji nyumbani. Ndiyo maana Zamda hajawahi kufika kwa dada yake, Korogwe. Pikipiki kuukuu ya marehemu baba yake haisikii wito, lakini tangu Jumatatu ilikuwa haiwaki.

Aliufuata waya mpaka kwenye koili, kifaa kinachoipa plagi cheche. Chini ya tepu mpya ulikuwa umekatwa kwa kisu.

"Panya hao," alisema mumewe. "Ngoja nikuletee chai."

Zamda akaunga waya, akafungua plagi na kuiegemeza kwenye injini, akapiga kiki. Cheche ikaruka.

Mumewe aliporudi akauliza, "Vipi?"

"Koili imekufa, Baba Nasra."

"Pole," alisema, akamtilia sukari.

Zamda akainywa chai yote, maana Korogwe ni mbali.