Mwasumini wa Bi Shemsa

Ukuta wa ua ulikuwa umepasuka, na fundi Masudi alikuja na vibarua kuubomoa. Mwasumini wa Bi Shemsa ulikuwa umeutambalia wote kwa miaka kumi na miwili.

"Tuukate, mama. Utachipua tena."

"Ukipaka nyumba chokaa, unamnyoa mkeo kwanza?"

Vibarua wakacheka. Bi Shemsa akafungua vitambaa vya kanga alivyoufungia, kimoja kimoja, na kila tawi lililoachia akalilaza begani. Kufikia adhuhuri alikuwa ameubeba wote, maua yamemfika kwenye nyusi.

"Nimeushika. Bomoa, baba, na ujenge upesi."

Masudi akainua nyundo. Vumbi lilipotua, ukuta haukuwapo tena, na mwasumini ulikuwa bado umesimama.