Mistari Iliyopishana

Herieth alikuwa na programu mbili za kumwonyesha kompyuta imelemewa na kazi kiasi gani. Moja ilikuwa na maandishi meupe yaliyotulia. Nyingine ilijaa rangi, juu ina vinguzo vya kupima mzigo, na orodha yake ya kazi ilijipanga upya kila sekunde, kazi nzito ikipanda juu.

"Weka hiyo ya rangi," baba yake alisema. "Na mie nione."

Akaiweka, kwa ajili yake.

Diski iliyokuwa mezani, nyumbani kwao Kiwalani, ndiyo pekee iliyobaki na sauti ya mama, aliyojirekodi wiki chache kabla hajafariki. Sasa diski nayo ilikuwa inakufa. Uokoaji wa sauti hiyo kuihamishia kwenye kompyuta ulikuwa umefika asilimia sitini na moja, na usipofika mia hakuna kitakachosikika.

"Mbona inahema hivyo?" baba aliuliza.

"Kuna programu nyingine inailemea. Naizima."

Akashuka hadi kwenye mstari wa programu ile. Kidole kilipobonyeza, mistari ikapishana. Kilichozimika ni uokoaji.

Akauanzisha upya. Diski ikagonga mara tatu, ikanyamaza. Akachomoa waya, akachomeka tena. Akaweka kiganja juu ya diski. Ilikuwa bado ya moto, lakini haikutetemeka tena.

Feni ya kompyuta ikapunguza kasi. Vile vinguzo vyekundu vya kwenye skrini vikashuka kimoja kimoja, vikawa kijani.

"Afadhali, imetulia," baba alisema, akisogeza kiti karibu. "Mama yako amefika asilimia ngapi?"